Kadi Nyuma ya Mlango

Redio ndiyo iliyomfichua Bibi Mpishi. Ilikuwa ikilia siku nne mfululizo, mchana kutwa usiku kucha, matangazo, mahubiri, muziki, matokeo ya mpira, mpaka mama wa ghorofa ya tatu akasema sasa basi, akamwita mtunza jengo. Mtunza jengo akapanda ngazi huku akilalamika, akagonga, akaita, mwisho akatia ufunguo wa akiba. Hiyo ilikuwa Jumamosi saa mbili na nusu asubuhi. Saa tatu na robo Sajini alikuwa amesimama jikoni kwa marehemu, kofia mkononi, na nyuma yake alikuwa Sindano na daftari lake.

Sindano si jina alilopewa na mama yake. Alikuwa mshonaji, mwembamba, mwenye miaka arobaini na tisa, na kituoni walimbandika jina hilo wiki ya kwanza. Akalipenda, kwa kuwa ilikuwa miaka mingi hajataniwa na mtu. Alikuwa askari wa akiba wa kujitolea, au tuseme alibakiwa na siku mbili tu awe. Jumatatu wangeapishwa watu tisa, na yeye alikuwemo. Masharti yalikuwa mawili. La kwanza, uwe umefanya kazi saa mia moja na hamsini, na kila saa imetiwa sahihi na askari wa akiba mzoefu anayekudhamini. Sahihi ya mdhamini ikitiliwa shaka, saa zote zinafutwa, unasubiri kundi la mwaka unaofuata. La pili, uwe hujatimiza miaka hamsini. Sindano angeitimiza baada ya miezi mitano. Kwake mwaka unaofuata haukuwepo. Ni Jumatatu hiyo au basi tena.

Na alikuwa anaitaka, jamani, mtu asikudanganye. Mume alishatangulia mbele ya haki, binti alikuwa ng'ambo akipiga simu Jumapili moja na kuruka mbili, na wateja wa nguo huja, hupimwa, huondoka. Kuna siku alijikuta anaibishia cherehani. Lakini tangu aanze kwenda kituoni, akichelewa dakika tano kuna mtu anauliza, "Sindano yuko wapi leo?" Swali hilo tu. Kwa ajili yake alikuwa tayari kusimama juani kwenye makutano na filimbi mdomoni bila mshahara wala asante.

Sasa alikuwa anaandika. Daktari wa polisi aliinuka kutoka sakafuni, akavua glavu.

"Nyonga imevunjika," alisema. "Aliteleza. Hakuna dalili ya mtu kumgusa."

"Lini?" aliuliza Sajini.

"Kuanguka, siku nyingi. Kufa, si nyingi hivyo." Daktari akaonyesha sufuria iliyokuwa sakafuni karibu na mkono wa marehemu. "Maji ya humu aliyanywa yote. Viwiko vimechubuka, alikuwa anajaribu kutambaa. Mimi nasema alikaa hapa chini siku mbili au zaidi. Alikufa Alhamisi usiku, au Ijumaa alfajiri. Maabara watanisahihisha."

"Hakupiga kelele?"

Daktari aliitazama redio tu, ile redio kubwa juu ya kabati, na Sajini akakohoa akageukia dirisha. Dirisha lilikuwa limefungwa, na nje yake, kwenye chuma cha kuzuia wezi, kulikuwa na kitambaa cha manjano kimefungwa fundo.

Sindano alitazama ukutani. Palikuwa na kalenda, ya zile za kuchana karatasi moja kila asubuhi. Ilionyesha Jumanne.

"Afande, alianguka Jumanne," alisema. "Au Jumatano mapema, kabla hajachana."

"Andika."

Akaandika. Kisha wakarudi sebuleni, na Sajini akasukuma mlango wa kuingilia ili wapishe machela. Hapo ndipo walipoiona kadi.

Kadi hizo zilikuwa kazi ya kituo. Kila mzee anayeishi peke yake alipangiwa askari wa akiba wa kumtembelea Jumatatu na Alhamisi. Askari anaingia ndani, anamjulia hali, anatazama bomba, dawa na nyaya za umeme, halafu anajaza kadi iliyotundikwa nyuma ya mlango: tarehe, saa, sahihi. Kadi ikijaa, baada ya miezi sita hivi, ndipo inakwenda kituoni. Ni nyuma ya mlango, kwa upande wa ndani, ili mtu asisaini kutokea kwenye ngazi akaondoka. Kadi ya Bibi Mpishi ilikuwa ndani ya bahasha ya plastiki, imebanwa juu na chini kwa vibanio vya chuma. Sajini akaisoma, na uso ukambadilika.

"Alhamisi imesainiwa."

Sindano akasogea. Ilikuwa kweli. Alhamisi, tarehe yake, na ile sahihi ya kuzunguka kama springi ambayo aliijua kuliko sahihi yake mwenyewe, maana ilikuwa kwenye fomu yake mara hamsini na kitu. Ilikuwa sahihi ya Mzee Saa.

Mzee Saa alikuwa fundi wa saa, mwenye miaka sitini na minne, na askari wa akiba kwa miaka kumi na mitano. Yeye ndiye aliyemfundisha Sindano kusimama barabarani, kushika tochi, kunyamaza mbele ya mlevi. Yeye ndiye mdhamini wake.

"Alhamisi huyu bibi alikuwa hai, yuko sakafuni," alisema Sajini polepole. "Mtu akaingia humu, akasaini kadi, akatoka. Akamwacha."

"Haiwezekani, Afande."

"Mimi sisemi inawezekana. Nasema imeandikwa. Na tazama saa." Akaweka kidole. "Nne. Sifuri nne sifuri sifuri. Saa kumi alfajiri! Na Jumatatu hivyohivyo. Na wiki iliyopita. Miezi mitatu, Sindano, mzee mzima anamtembelea ajuza saa kumi alfajiri. Anafuata nini?"

Sindano aliitazama tena sahihi. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba yake yeye ilikuwa hapo kwenye kadi, imeshikwa na mtu aliyemdhamini.

Mtunza jengo aliitwa. Alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini leo alikuwa ameyapunguza.

"Geti unafunga saa ngapi?" aliuliza Sajini.

"Saa nne usiku. Nafungua saa kumi na moja na nusu asubuhi."

"Mtu akija saa kumi alfajiri?"

"Aniamshe mimi. Na mimi nikiamshwa nakumbuka, Afande, kwa sababu nakasirika."

"Mzee Saa aliwahi kukuamsha?"

"Yule fundi? Wala. Yule sijamwona kwenye ngazi hizi, sijui, toka kabla ya mvua." Akasita. "Namwona barabarani. Upande wa pili, pale kwenye duka la viatu. Anasimama, anatazama juu huku. Halafu anaondoka zake."

"Anatazama nini?"

"Mimi nitajuaje? Macho ni yake."

Sajini akamtazama Sindano, na Sindano akajifanya anaandika. Mambo yalikuwa yanazidi kuharibika. Mzee anasimama barabarani kumchungulia mwanamke anayeishi peke yake, kisha kadi inaonyesha anaingia alfajiri bila kupita getini. Kwa Sajini hiyo ilikuwa nusu ya mashtaka.

"Nitampelekea gari sasa hivi," alisema Sajini.

"Nipe dakika moja na kadi, Afande."

"Ya nini?"

"Niitazame tu. Mimi nimezoea kutazama mishono."

Sajini akatoa pumzi kwa nguvu, lakini akampa. Sindano akaipeleka dirishani. Alianza kwa kufungua vibanio. Kile cha chini kilikuwa kimefunika mistari miwili ya mwisho, na mstari mmoja kati ya hiyo ulikuwa umejazwa. Jumatatu. Si Jumatatu iliyopita, hapana. Jumatatu ijayo, keshokutwa, 4.00, sahihi ya kuzunguka.

"Afande. Amekwisha kuja keshokutwa."

Sajini akaja, akainama, akasoma mara mbili. "Alijaza mbele," alisema. "Mvivu. Alisaini wiki nzima siku moja."

"Nani alisaini?"

"Huoni sahihi?"

Sindano alikuwa anaiona, na kadiri alivyoitazama ndivyo ilivyomkataa. Miezi ya mwanzo sahihi ilikuwa ya haraka, imeruka, na saa zake zilibadilika: 10.05, 09.50, 10.20. Halafu ghafla, kuanzia miezi mitatu nyuma, kila kitu kilikuwa 4.00, 4.00, 4.00, na ile springi ilizungushwa polepole kwa wino mzito, kama mtu anayefuatisha chaki kwenye kitambaa. Nani anafika saa ileile bila kuchelewa hata dakika, miezi mitatu?

Ndipo akakumbuka aibu yake mwenyewe. Wiki yake ya kwanza kituoni, mtu alikuja asubuhi kusema ameibiwa baiskeli, naye akaandika kwenye kitabu cha matukio, "saa 3.00". Sajini akaisoma mbele ya zamu nzima, akauliza ni mwizi gani huyo anayeripotiwa saa tisa za usiku wakati kituo kizima kilikuwa macho na hakikumwona mlalamikaji. Walicheka mpaka chai ikamwagika. Toka siku hiyo hakusahau: polisi wanaanza kuhesabu usiku wa manane, watu wengine wote tunaanza jua linapochomoza.

"Afande, hii si saa kumi alfajiri. Ni saa nne. Saa nne asubuhi, ya nyumbani."

"Mzee Saa ana miaka kumi na mitano kazini."

"Ndiyo maana. Na ni fundi wa saa juu yake. Huyo hawezi kuandika nne akimaanisha kumi hata umwamshe usingizini. Aliyeandika hapa hajawahi kufundishwa saa za kipolisi."

Akaenda kwenye meza ndogo kando ya kitanda. Pakiti za dawa zilikuwa zimepangwa kwa mstari, na juu ya kila moja palikuwa na mwandiko wa kalamu nzito ya buluu. Asub. 2.00. Usiku 2.00. Ile ya presha ilikuwa ya 4.00, na nne yake ilikuwa wazi juu, mguu umepinda kidogo kushoto. Akaiweka pakiti kando ya kadi, akamwachia Sajini aone kwa macho yake mwenyewe.

Sajini alitazama kwa muda mrefu. "Unaniambia marehemu alijisainia kutembelewa."

"Ndiyo, Afande. Hata ya Alhamisi, kabla hajaanguka."

"Mtu asiyetembelewa, anajaza kadi kwamba katembelewa. Kwa nini?"

"Hilo sijui. Anayelijua yuko dukani kwake."

Sajini alivaa kofia, akaivua tena. Sheria ilikuwa mdhamini asihojiwe na mtu aliye chini ya udhamini wake, na wote wawili waliijua. "Mimi akiniona atafunga mdomo," alisema hatimaye. "Nenda wewe. Ila unaandika kila neno, na anasaini kila ukurasa. Umenielewa? Kila neno."

*

Duka la Mzee Saa lilikuwa chumba chembamba kiasi kwamba wateja wawili wakiingia, mmoja lazima awe rafiki wa mwingine. Saa za ukutani zilijaa kuta zote tatu. Nyuma ya kiti chake ilining'inia sare yake ya akiba, imepigwa pasi, imefunikwa na mfuko wa plastiki. Alipomwona Sindano alitabasamu, akavua kioo cha jichoni.

"Karibu, mwanangu! Umekuja kupima kofia ya Jumatatu?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona na daftari?"

Sindano alikaa kwenye kigoda cha wateja. Alikuwa amejipanga njiani, lakini maneno yote yalimkimbia, likabaki moja.

"Alhamisi ulikwenda kwa Bibi Mpishi?"

"Nilikwenda."

"Saa ngapi?"

"Saa nne kamili asubuhi. Kumi kamili, kipolisi."

"Ulipanda?"

Mzee Saa alichukua kibisibisi kidogo, akakirudisha alipokitoa. "Kadi inasemaje?"

"Siiulizi kadi, mzee. Nakuuliza wewe."

Saa ziligonga robo, zote pamoja. Mzee Saa alisubiri zimalize. Kisha akainama, akapandisha mguu wa suruali mpaka juu. Goti lilikuwa limevimba, linang'aa, limefungwa bendeji iliyochoka.

"Ngazi sabini na mbili," alisema. "Nimezihesabu. Mwezi ule wa uchunguzi wa afya daktari alinitazama macho, akanipima presha, goti hakuliuliza na mimi sikumwonyesha. Ningemwonyesha wangenivua sare siku ileile. Halafu nikae hapa na saa hizi. Wewe unajua kukaa na vitu vinavyoongea peke yao?"

"Najua."

"Basi nikamwambia Bibi ukweli. Nilimpigia simu, nikasema sitaweza kupanda, nitaomba wakupangie mtu mwingine. Akakataa katakata. Akasema, 'Mtu mwingine wa nini? Aje anikague bomba kama mimi mtoto? Wewe simama pale kwenye duka la viatu saa nne, mimi nitatundika kitambaa dirishani, tutapungiana mkono, yatosha. Kadi niachie mimi, sahihi yako naijua.'" Mzee Saa alicheka kidogo. "Alikuwa anaiga sahihi yangu vizuri kuliko mimi. Mpishi wa shule yule, alishasaini risiti za walimu wakuu watatu. Tukawa tunapungiana. Wakati mwingine ananionyesha sufuria, maana yake leo kapika kitu. Nilikuwa naingoja Alhamisi, mwanangu. Mtu mzima mimi, naingoja Alhamisi."

Sindano aliandika. 

"Na Alhamisi hii?"

"Kitambaa kilikuwepo."

"Na yeye?"

"Yeye sikumwona."

"Kwa kawaida kitambaa anakitoa lini?"

"Akishaniona. Lakini Jumatatu nilikuwa na mteja ananisubiri, nilipunga nikageuka. Sikungoja akitoe." Akaanza kukunja suruali yake chini, polepole. "Alhamisi nilisimama dakika kumi nzima. Simu yake iliita haikupokelewa. Nikasema labda redio imemzidi. Nikasema, ah, yuko jikoni."

"Alikuwa jikoni, mzee."

Hakutaka kulisema hivyo. Lilitoka tu. Mzee Saa aliinua uso, na pale Sindano akaelewa kwamba hakuna mtu aliyekuwa amemwambia.

"Alikuwa?"

"Alianguka Jumanne. Leo asubuhi wamefungua mlango."

 Mkono wa Mzee Saa ulitafuta kitu mezani, ukakikosa, ukabaki umelala juu ya vile vyuma vidogo. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, ila hawakusema kwamba kifo chenyewe kinaweza kuwa cha mtu mwingine.

"Kwa hiyo Alhamisi," alisema, "mimi niko pale chini. Yeye alikuwa ameshakufa?"

Swali hilo lilikuwa na jibu la huruma na jibu la kweli. Sindano angeweza kusema daktari hajui. Ni kweli, daktari alisema maabara watamsahihisha. Alimtazama yule mzee na kumpenda, na akaona kwamba akimdanganya leo atamdanganya kila watakapokutana.

"Daktari anasema alikuwa hai."

Saa zote zikaendelea kwenda. Mzee Saa akajifunika uso kwa viganja viwili na kulia bila sauti, mabega tu, na Sindano akavuta kigoda karibu, akamshika mkono wa shati. Hakujua la kufanya zaidi. Mteja alichungulia mlangoni, akaona, akarudi nyuma.

Baada ya muda mzee alijifuta. "Lete nisaini."

Alisaini ukurasa wa kwanza. Kwenye wa pili kalamu ikasimama hewani.

"Mungu wangu. Na saa zako."

"Ndiyo."

"Saa zako zote nimesaini mimi. Na zile zilikuwa za kweli!"

"Najua zilikuwa za kweli, mzee. Nilikuwepo."

Walicheka, wote wawili, kicheko kifupi kibaya, kisha kikaisha.

"Ukipeleka hii, Jumatatu huapi," alisema Mzee Saa. "Na umri wako naujua. Chana. Nitaandika nyingine, niseme nilisahau, niseme nililewa, niseme chochote."

"Sajini keshaona mwandiko wa Bibi. Ukisema uongo atakufunga, akidhani ulimwona ukamwacha."

"Acha anifunge."

"Saini, baba."

Akasaini. Sindano alikunja karatasi, akasimama, akauliza la mwisho kwa sababu ndiyo kazi. "Una wazee wengine watatu kwenye orodha. Kwao unaingia ndani?"

"Wawili wako chini kabisa, naingia. Mzee wa Posta yuko ghorofa ya pili." Hakumtazama. "Huyo napanda nikiweza."

*

Kituoni Sajini alisoma maelezo amesimama. Aliyasoma yote, kisha akaketi na kuyaweka mezani kwa uangalifu.

"Umefanya kazi nzuri," alisema.

"Asante, Afande."

"Unajua nikiyapokea haya nini kinafuata. Mzee anavuliwa sare leo. Kila alichosaini kinafutwa, kuanzia kadi za wazee mpaka fomu yako." Alisugua macho. "Sasa nisikilize. Hakuna aliyeua mtu hapa. Marehemu hatakimbia, na Mzee Saa hana miguu ya kukimbia. Maelezo haya yangeweza kunifikia Jumanne. Kesho Jumapili, Jumatatu nina gwaride. Jumanne ni siku nzuri ya kusoma makaratasi. Na mtu akishaapa, kumvua kiapo ni kazi ndefu ambayo mimi binafsi sina muda nayo."

Alikuwa mtu mkali yule, na haya yalikuwa maneno ya upendo, na Sindano aliyaona hivyo.  Jumanne. Siku tatu tu za kunyamaza, na maisha yake yote yaliyobaki mtu atauliza Sindano yuko wapi leo.

Lakini aliona pia kadi ile. Ilikuwa imejazwa vizuri, hakuna siku iliyorukwa, na mtu amelala sakafuni nyuma yake.

"Nimeshaandika saa ya kupokelewa, Afande," alisema. "Pale juu kulia."

Sajini akatazama. Ilikuwa pale, kwa mwandiko safi, kipolisi: 16.40, Jumamosi. Aliitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa kumi na dakika thelathini na nane.

"Zimebaki dakika mbili," alisema Sajini.

"Ndiyo, Afande."

Hakuna aliyezitumia. Zilipokwisha Sajini akachukua muhuri, akagonga. Sindano alivua fulana ya kung'aa, akaikunja kishonaji, mshono juu ya mshono, akaiweka kaunta pamoja na filimbi. Askari wa zamu alikuwa anazungumza na simu. Alipomaliza, Sindano alikuwa ameshatoka.

*

Jumatatu hakwenda kutazama wenzake wakiapa. Aliamka, akafagia, akakata suruali ya mteja, akakosea kiuno, jambo ambalo halijamtokea miaka kumi. Alikaa akiitazama suruali ile iliyoharibika. Hakuna aliyemuuliza yuko wapi. Binti hakuwa amepiga jana, ilikuwa ile Jumapili ya kuruka. Akasema kwa sauti, peke yake, "Basi," halafu akaona aibu kwamba ameisema kwa cherehani.

Saa tatu na nusu akavaa viatu.

Jengo la Mzee wa Posta lilikuwa la kawaida, ngazi zake zimeliwa katikati na miguu ya watu. Alizihesabu bila kukusudia: thelathini na nne. Kwenye mlango wa kushoto palikuwa na kengele iliyokatika nyaya, kwa hiyo akagonga kwa mkono. Ndani paliburuzwa kiti.

"Nani?" Ilikuwa sauti ya mzee, imekauka kwa kutotumika tangu asubuhi.

Sindano alifungua mdomo. Hakuwa askari. Hakuwa ndugu. Jina la Sindano lenyewe lilikuwa la kituoni.

"Polisi?" aliuliza mzee.

"Hapana, baba. Si polisi."

"Umetumwa na Mzee Saa?"

"Hapana."

"Basi mwambie asihangaike na goti lake. Kadi nimeshaijaza. Nimejaza mpaka mwisho wa mwezi."

Sindano aliweka kiganja kwenye mlango. Alijua mambo mawili yaliyompasa: kurudi chini, na kwenda kumwambia Sajini habari za kadi hii. Angeyafanya yote mawili. Lakini si sasa.

"Sikuja kwa ajili ya kadi, baba."

"Sasa umekuja kwa ajili ya nini?"

"Nimekuja kukuona."

 Sindano akadhani mzee amerudi kwenye kiti chake. Kisha kitu kilianguka mle ndani, droo ikavutwa, funguo zikaanza kumwagika na kuokotwa, na ile sauti kavu ikaja karibu kabisa na mlango.

"Subiri. Nautafuta ufunguo, uko hapahapa. Usiondoke," alisema. "Umesikia? Nasema usiondoke."